Nani Anakaa Kitini

Kiti chenyewe ukikiona hukitamani. Ni kiti cha magurudumu cha kawaida, kama cha karani wa benki, kimewekwa mbele ya kabati kubwa lenye mahali pa kuchungulia kwa macho mawili, na chini yake kuna pedali kama za cherehani. Lakini Daktari Zubeida Azan alikuwa amekihangaikia kiti hicho kwa miaka sita. Anayekaa pale ndiye anayeiendesha roboti, na anayeiendesha roboti ndiye anayempasua mgonjwa. Wengine wote chumbani ni wasaidizi, wapende wasipende.

Roboti ililetwa katika hospitali moja binafsi kule Boko. Haikuwa ile ya matundu sita ambayo watu walikwisha kuisikia redioni. Hii ilikuwa na mkono mmoja tu. Mgonjwa anachanwa mahali pamoja, upana wa vidole viwili, mkono unaingia, na ukishafika ndani unachanua: vyombo vitatu na kamera, vyote kupitia tundu lilelile. Zubeida alikaa ng'ambo miaka miwili akijifunza kazi hiyo. Alifanya upasuaji arobaini na mmoja, na katika kumi ya mwisho mwalimu wake alikuwa nje anakunywa kahawa. Akarudi nyumbani na cheti, akapewa chumba cha kliniki kisicho na dirisha, akaambiwa asubiri mashine. Akasubiri. Mashine ikaja. Jumanne ile ndiyo ilikuwa siku ya mgonjwa wa kwanza.

Saa moja asubuhi mkurugenzi wa tiba, Daktari Fransis, akamwita ofisini.

"Umeamkaje, Daktari? Karibu ukae."

Zubeida hakukaa. Alimjua Fransis. Akikuchangamkia saa moja asubuhi, ujue kuna kitu chako anakitaka.

"Kuna badiliko dogo," Fransis akasema. "Profesa ndo atakaa kwenye mashine leo. Wewe utasimama kwa mgonjwa, umsaidie. Waandishi wanafika saa nne. Unawajua watu wetu, wakimwona mgeni roho zinatulia."

Profesa alikuwa mgeni aliyetua juzi, bingwa wa roboti mwenye jina kubwa huko kwao.

"Profesa amekuja kunisimamia mie," Zubeida akasema. "Barua yake inasema hivyo."

"Barua ni karatasi tu."

"Amefanya ngapi za tundu moja?"

"Huyu bwana amefanya zaidi ya elfu mbili."

"Za matundu sita. Mie nauliza za tundu moja."

Fransis akaiangalia simu yake kana kwamba jibu limo humo. Jibu Zubeida alikuwa nalo. Ni tisa. Alimuuliza Profesa mwenyewe walipokuwa wanakula, naye akamwambia bila kuficha, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mzee huyu ana kovu kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu," Zubeida akasema. "Kidole tumbo kilimpasukia zamani, akafunguliwa tumbo zima. Utumbo umegandana humo ndani. Ndo maana nimepanga kupita chini ya kovu, bila kuingia tumboni kabisa. Profesa akibanwa ataongeza matundu, kwa sababu ndo anayoyajua, na akiyaongeza juu ya tumbo lile atatoboa utumbo. Mgonjwa hakukubali hilo."

"Amekubali. Mwanawe amesaini fomu mpya jana."

Zubeida alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Si kwamba ilikuwa ajabu. Kwetu mzee akilazwa hugeuka mtoto: ndugu ndio wanaoambiwa ugonjwa, ndugu ndio wanaosaini, na yeye anabaki kuulizwa kama amekula. Kila mtu anaona ni heshima. Ila jana wameitumia heshima hiyo kumpiga mzee chenga.

"Na tafadhali usiende wodini kumsumbua," Fransis akaongeza. "Ameshatulia."

"Sitasimama pembeni, Daktari."

"Basi nenda nyumbani. Chagua."

Zubeida akatoka bila kusema alichochagua. Alitembea hadi mwisho wa korido, akasimama kwenye dirisha linalotazama maegesho, akajiuliza swali ambalo mtu mwoga asingejiuliza: anapigania mgonjwa, au anapigania kiti? Akajijibu kwamba anapigania vyote viwili. Kiti alikitaka. Alikitaka kwa jasho lake, na hakuona sababu ya kujifanya mtakatifu.

Lakini mgonjwa naye hakuwa mtu wa kusainiwa.

Mwalimu Gozbert wa Madale alifundisha uchoraji wa kiufundi kwa miaka thelathini na minne, na alistaafu akiwa bado anatembea na penseli mfuko wa shati. Siku ya kwanza alipofika kliniki na mwanawe Brightson, alimtazama Zubeida na ushungi wake, akasema, "Binti, niitie daktari."

"Ndo mie, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Namtaka daktari wa tezi dume."

"Ndo huyohuyo."

Mzee alinyanyuka, akavaa kofia yake, akaondoka. Zubeida hakumfuata. Wiki mbili baadaye akarudi peke yake, sura imekunjamana, kwa sababu madaktari wawili wa kiume walikuwa wamelitazama lile kovu, wakatikisa kichwa, wakamwelekeza kwake. Safari hii alikaa. Akatoa penseli na rula, akavisukuma juu ya meza.

"Nichoree. Sitaki maneno."

Zubeida akachora. Mzee akageuza karatasi huku na huku.

"Hii tezi inaonekana kwa nje?"

"Haionekani. Iko nyuma ya mfupa, chini ya kibofu."

"Basi mbona umeichora kwa mstari mzima? Kisichoonekana kinachorwa kwa mstari wa vipandevipande. Rudia."

Akarudia. Kuna wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri nje na daktari bingwa yuko ndani anasahihishiwa mistari, lakini kadiri alivyokuwa akichora ndivyo alivyoona kwamba mzee anaelewa. Mzee akarudi mara mbili tena, na siku ya tatu mchoro ulikamilika: kovu, kitovu, ukuta wa tumbo, tundu moja, njia nzima ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo mzee alipouliza lile lililomleta.

"Na uanaume wangu?"

"Sitakudanganya," Zubeida akasema. "Mkojo utakuponyoka kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Na mambo yako na mama yanaweza yasiwe kama zamani. Mishipa inayohusika nitajitahidi kuibakisha. Kukuahidi siwezi."

Mzee akachukua penseli, akachora kiboksi kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, akaandika kwa herufi kubwa: MCHORAJI, Z. AZAN. MKAGUZI, G. KABYEMERA.

"Mchoro bila jina la mchoraji sijawahi kuupeleka karakana," akasema. "Weka kwenye faili."

Mtu kama huyo ndiye waliyekwenda kumsainia.

Sasa hapo dirishani Zubeida akakumbuka orodha. Katika kila chumba cha upasuaji kuna orodha ukutani. Inasema kwamba kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa akiwa macho, aulizwe jina lake, upasuaji anaofanyiwa, na nani anamfanyia. Kila jibu lilingane na fomu. Lisipolingana, kazi inasimama. Ndivyo ilivyoandikwa. Ila hospitali ile ilikuwa na mazoea yake: mgonjwa anapigwa sindano ya usingizi kwanza, kisha muuguzi anatia tiki zote kwa mkupuo watu wakiwa wanafunga kanzu zao. Aliyelala hajibu, na asiyejibu hacheleweshi mtu. Zubeida alikuwa ameilalamikia tabia hiyo katika vikao vinne, na mara zote nne akaambiwa aache kuleta ya ng'ambo.

Akaenda kumtafuta Sista Atuganile, mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji, mama wa Tukuyu mwenye miaka ishirini na miwili kazini na asiyejua kukimbia hata kengele ikilia.

"Dada Atu, leo usome orodha mzee akiwa macho. Yote, kwa sauti."

"Mkurugenzi kanambia niwahi."

"Orodha inasemaje?"

Atuganile akaitazama ile karatasi ukutani kama vile imebandikwa leo. "Kabla ya usingizi," akasoma.

"Sijaandika mie."

"Nilikuwaga nasoma hivyo zamani, Daktari. Nikachoka kugombana."

"Leo gombana."

Hakumwambia zaidi, wala hakwenda wodini. Alikwishaamua: mzee akiulizwa na akasema Profesa ni sawa, atavua kofia ya upasuaji, aende kwao Kipawa akakae dukani na baba yake auze misumari. Akisema si sawa, hatang'oka mle ndani hata wakiita polisi.

Saa tatu Mwalimu Gozbert akaingizwa, amelala chali, kofia ya karatasi kichwani. Profesa alikuwa ameshakaa kitini anarekebisha urefu. Fransis alisimama katikati ya chumba akiwa amenyoa ndevu upya, na nyuma ya dirisha la kioo mpiga picha wa hospitali alikuwa anapima mwanga. Zubeida alisimama ukutani, mikono imekunjwa. Daktari wa usingizi akashika bomba la sindano.

"Bado," Atuganile akasema. "Naomba kusoma."

"Sista, tutasoma akilala," Fransis akasema.

"Imeandikwa kabla." Akasogea mpaka kwenye kichwa cha mgonjwa, faili mkononi. "Baba, jina lako kamili?"

"Gozbert Kabyemera."

"Unafanyiwa upasuaji gani?"

Mzee akakohoa, akajibu kama yuko mbele ya kidato cha pili. "Naondolewa tezi dume yenye saratani. Tundu moja, upana wa vidole viwili, chini ya kovu, mbele ya ukuta wa tumbo. Tumboni haingii mtu."

"Nani anakufanyia?"

"Daktari Zubeida Azan."

Atuganile akaiangalia fomu, akamwangalia mzee, akairudia fomu. "Hapa pameandikwa jina lingine, baba." Akalisoma.

"Simfahamu."

Fransis akainama na tabasamu lake lote. "Ni Profesa, mzee wangu. Bingwa wa dunia. Mwanao amesaini, tumekubaliana."

"Brightson anaumwa tezi dume?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja.

"Kama anaumwa, mlazeni yeye. Mie sijamtuma mtu kunisainia. Mkono ninao." Akauinua juu, mpira wa dripu ukininginia. "Nishusheni."

"Mzee, tulia, waandishi wako njiani..."

"Wakifika waambie nimerudi Madale." Alikwishakaa kitako juu ya meza, gauni la hospitali wazi mgongoni, na hakujali. "Dada, fungua faili, ukurasa wa mwisho. Kona ya chini, kulia. Mchoraji ni nani?"

Atuganile akafungua. Alisoma polepole, kila herufi na zamu yake. "Z. Azan."

"Huyo ndo akae. Hakai, silali."

Zubeida alitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Alimwangalia Fransis tu. Profesa aliuliza kwa lugha yake kuna nini, daktari wa usingizi akamweleza kwa maneno machache, naye Profesa akasimama. Akatoa kitambaa, akafuta mahali pa kuchungulia, akakivuta kiti nyuma kidogo na kumwelekezea Zubeida kwa kiganja. Kuanzia hapo mtu pekee ambaye alikuwa hajaelewa ni mkurugenzi.

"Daktari Zubeida, ukikaa hapo tutaonana ofisini," Fransis akasema kwa sauti ya chini.

"Tutaonana," Zubeida akasema, akakaa.

Atuganile alileta fomu nyingine. Mzee akaijaza mwenyewe, akasaini, akachungulia juu ya mabega ya watu. "Umekaa?"

"Nimekaa, mwalimu."

"Haya, nilazeni."

Kazi ilichukua saa tatu na robo. Ukichungulia kwenye kabati lile, ndani ya mtu panakuwa pakubwa kama sebule, kila mshipa unauona, na vidole vyako vikisogea hapa, vyuma vidogo vinasogea kule. Zubeida alipita njia aliyoichora. Saa ya pili, alipokuwa anaitenga tezi na mishipa aliyomwahidi mzee kuihangaikia, damu ikabubujika kushoto, na kioo chote cha kuchungulia kikawa chekundu.

"Ongeza tundu," Profesa akasema nyuma yake, kwa upole. "Moja tu, ubavuni."

"Bado."

Alikandamiza kitambaa kwa kile chombo cha tatu, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Alijiwekea sharti: ikifika mia na damu haijasimama, ataongeza tundu, au atamfungua mzee kabisa, na cheti chake na kiburi chake wavitupe jalalani. Uhai wa mtu haukuwa wa kuringia. Jasho lilimtiririka ndani ya ushungi. Ishirini. Arobaini. Atuganile alikuwa ameshika trei ya vyombo vya kufungulia tumbo, tayari. Sitini na nane, akalegeza kidogo, akaona kimshipa chenyewe, chembamba kama uzi, kinatema. Akakibana. Kioo kikasafika. Mshono wa mwisho ulipokwisha, Profesa alimpa mkono, akaubana sana.

Asubuhi ya pili Zubeida alimkuta mzee ameegemea mito, Brightson amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Nani alikaa?" mzee akauliza kabla ya salamu.

"Mie, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Mangapi?"

"Moja."

Mzee akaingiza mkono chini ya shuka, akaweka vidole viwili kando ya bandeji, akapima. "Umezidisha kidogo. Nimekukata maksi mbili." Halafu machozi yakamlengalenga, akageukia ukutani kuyaficha, na Zubeida akajifanya anasoma chati.

"Dokta, nisamehe," Brightson akasema. "Walinambia ni kawaida mtoto kumsainia mzazi."

"Ni kawaida," Zubeida akasema. "Ndo ubaya wake."

Ijumaa barua ya onyo ikaja. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema amevuruga ratiba, ya pili kwamba ameiaibisha hospitali mbele ya mgeni, na ya tatu kwamba kuanzia sasa orodha itasomwa mgonjwa akishalala, ili kutomtia hofu. Alitakiwa kusaini kwamba ameipokea. Zubeida akasaini mbele ya Fransis, na chini ya saini akaandika: Nimepokea. Aya ya tatu sitaitekeleza.

"Unajua naweza kukusimamisha kazi," Fransis akasema.

"Najua. Nisimamishe. Ila andika na sababu, kwamba nilitaka mgonjwa aulizwe jina lake akiwa macho."

Fransis hakuandika. Alikuwa na mpango mwingine, wa kuahirisha wagonjwa wote wa roboti mpaka apatikane mgeni wa pili. Ila alimsahau Mwalimu Gozbert. Mzee alikaa wodini siku nne, na mle walikuwamo wanaume watatu wanaosubiri, watu wazima wenye soni, ambao hata neno tezi dume walikuwa wanalitaja kwa kunong'ona. Mzee aliwafundisha asubuhi na jioni, penseli mkononi, bila aibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake wodi ya pili. Fomu zilipoletwa, wote watatu waliwakataza ndugu zao kusaini. Na wote watatu waliandika jina la Zubeida kwa herufi kubwa, ndani ya kiboksi walichokichora wenyewe, kona ya chini kulia, mahali ambapo fomu haina hata mstari. Karani wa mapokezi alizipeleka kwa mkurugenzi akidhani ni makosa. Mkurugenzi alizitazama muda mrefu, akazirudisha, na upasuaji haukuahirishwa.

Jumanne iliyofuata wa kwanza alikuwa Albano, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miraba minne aliyejaa meza yote. Fransis alisimama nyuma ya kioo, mikono mfukoni. Daktari wa usingizi hakuigusa sindano. Atuganile akasogea kichwani na faili lake.

"Baba, jina lako kam..."

"Subiri, dada," Albano akasema. "Mie ndo naanza. Nani anakaa kwenye kile kiti?"

Zubeida aliinuka. Akatembea mpaka mezani, akaishusha barakoa yake ili mgonjwa amwone uso mzima, akasimama pale ambapo Fransis naye angemwona vizuri.

"Mie," akasema. "Zubeida Azan, wa Kipawa."

Albano akamwangalia, akamwangalia na yule wa nyuma ya kioo, kisha akalaza kichwa.

"Haya, dada. Sasa niulize jina."